Mjukuu ni mashoto, bibi anamfunga mkono, na Januari darasa la kwanza linamngoja

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini kwa mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani hukaa siku chache tu kwa mwezi. Mwanangu wa kwanza, nimwite Juma ingawa silo jina lake, atatimiza miaka 6 Januari, na mwezi huohuo anatakiwa aanze darasa la kwanza. Sasa yuko awali, na alasiri anakwenda chuoni, yaani madrasa.

Shida yetu ni kuandika. Ukimwekea daftari mbele, machozi. Mwalimu wake alinifungulia daftari nikaona mwenyewe: kaambiwa ajaze ukurasa mzima wa herufi a. Mstari wa kwanza unasomeka, wa tatu zimeanza kulala, wa mwisho huwezi kusema ni herufi gani. J ya jina lake anaigeuza. Penseli anaikandamiza mpaka karatasi inatoboka, na akifuta kwa raba tundu linaongezeka. Mwalimu anasema wenzake tayari wanaandika majina mawili.

Juma ni mashoto. Alipokuwa mchanga alitumia mikono yote sawa, ni baada ya kupita miaka 2 ndipo nikaona kijiko na mpira vinakwenda kushoto. Bibi yake hataki kabisa. Jioni akikaa naye barazani humfunga mkono wa kushoto kwa leso, akamtia penseli wa kulia. Anasema mume wangu naye alikuwa hivyohivyo, akamgeuza, na leo anaandika kulia kama watu wote. Samaki mkunje angali mbichi. Chuoni nako wanamtaka atumie wa kulia. Mimi nikiwa naye chumbani namwachia wa kushoto.

Cha kunishangaza, ukimpa kipande cha chaki akachora sakafuni, anakutolea lori la baba yake lote: matairi, vioo vya pembeni, mpaka kamba za turubai. Kwa mkono wa kushoto.

Mume wangu anasema nimsikilize mama. Jirani ananiambia nimpeleke tuisheni, kuna mwalimu anakaa na watoto kwa muda wa saa mbili kila jioni na kuwaandikisha kurasa nne. Wifi yangu anaona bora arudie awali. Na shule tuliyoomba ina usaili Novemba, mtoto ataandika jina lake na irabu. Nikimpinga mama mkwe nitaonekana sina adabu. Nikinyamaza, mtoto kaanza kuficha mkono mgongoni akimwona bibi yake anakuja. Nifanyeje?

Mama Juma, Tanga

Marahaba, Mama Juma.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana ndani yake mna mambo yaliyofungwa kamba moja: mtoto ambaye mwandiko wake hauridhishi, mkono ambao nyumba haijakubaliana juu yake, na wewe uliyebaki katikati ya heshima ya mama mkwe na mkono unaofichwa mgongoni. Si ajabu umechoka. Naomba tuifungue kamba taratibu, na tuanze na lile lori.

Umesema mtoto ana shida ya kuandika. Lakini mtoto anayechora vioo vya pembeni na kamba za turubai ana jicho linaloona na mkono unaotii. Anaweza kusimamisha mstari anapotaka, kukutanisha ncha mbili za duara, kuweka kitu kidogo ndani ya kikubwa. Hizo ndizo kazi zilezile za kuandika herufi. Kwa hiyo badala ya kuuliza kwa nini hawezi, tazama sakafu ina nini ambacho daftari halina. Sakafuni kuna nafasi, kwa hiyo anatumia bega na kiwiko, viungo vikubwa ambavyo kwa watoto huiva mapema kuliko vidole. Kuna kipande kifupi cha chaki, ambacho hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha kutumia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kuna mkono anaoutaka. Kwenye daftari kuna mistari miembamba, penseli ndefu, na mkono unaobadilika kwa kutegemea nani kakaa pembeni.

Sasa ule ukurasa wa herufi a. Walimu na wazazi wengi huuona kama uvivu, na mimi nakusihi usiuone hivyo. Herufi ya kwanza mtoto huiga mfano wa mwalimu. Ya pili huiga ya kwanza yake, ya tatu huiga ya pili. Kosa dogo la mwanzo linarithiwa na kuongezeka kila hatua, na huku vidole vinachoka. Mstari wa mwisho ni nakala ya nakala. Ndiyo maana herufi tano zilizoandikwa kwa makini humfaa mtoto kuliko ukurasa uliojaa: ukurasa mzima humfundisha vidole vyake kuandika vibaya, na mafunzo hayo hushika kama yale mazuri. Ukimwandikia nyumbani, weka mfano wako mwanzoni mwa kila mstari, mwambie aandike tatu tu, kisha achague mwenyewe ipi nzuri na aizungushie duara. Mtoto anayejifunza kuchagua herufi yake nzuri anajifunza kuiona, na hapo mkono huifuata.

J iliyogeuka isikukoseshe usingizi. Herufi nyingi tunazoandika hutazama kulia: b, c, e, h, k, p. Mtoto huikamata kanuni hiyo bila kufundishwa, halafu anaikuta J, inayotazama kushoto, naye anaigeuza ifanane na nduguze. Watoto wengi, wa kulia na wa kushoto, hugeuza J, Z na tarakimu 3, na kuchanganya b na d, mpaka kufika miaka 7 hivi. Juma ana jambo moja zaidi: chuoni anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, shuleni kutoka kushoto kwenda kulia. Msaidie kwa kuweka nukta ya rangi pembezoni kushoto mwa kila mstari wa daftari la shule, hapo ndipo safari inaanzia. Ikifika miaka 7 na nusu na bado hugeuza nyingi, ndipo utafute maelezo mengine.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya wiki hii, bila kumwambia ni kipimo. Chora umbo moja, mwombe achore kama lako. Kwa kawaida duara huwezekana karibu na miaka 3, msalaba karibu na 4, mraba kati ya 4 na 5, pembetatu kuanzia 5. Mistari ya mshazari huchelewa kuliko yote, na ndiyo inayozaa k, v, w, y na z. Akishindwa pembetatu, usimlazimishe k. Mchezeshe mishazari kwanza, paa za nyumba, milima, meno ya msumeno. Akifaulu yote, basi vidole na jicho viko tayari, na shida iko kwenye namna anavyofundishwa au mkono anaopewa.

Nije kwenye mkono. Takriban mtu 1 kati ya 10 ni mashoto. Halitokani na ukaidi wala malezi mabaya; ni namna ubongo ulivyojipanga, na mara nyingi huonekana katika ukoo. Upande wa mkono huimarika kati ya miaka 2 na 6, na kwa maelezo yako Juma amepita njia ya kawaida kabisa. Nimefurahi ulitaja kwamba uchangani alitumia yote miwili, kwa sababu mtoto anayechagua mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka huhitaji kuonwa na daktari, isije ikawa ule mwingine una udhaifu.

Mama mkwe anasema alimgeuza mwanawe na hakuharibika. Ni kweli, na nakuomba usibishane nalo. Wapo watu wengi waliogeuzwa na wanaandika vizuri. Ila muulize mumeo, kwa utulivu, anapigilia msumari kwa mkono gani, anarusha jiwe kwa upi. Mara nyingi kilichogeuka ni kalamu peke yake. Swali ni gharama. Mtoto wa miaka 5 anayejifunza herufi kwa mkono usio wake anabeba kazi mbili kwa wakati mmoja, kujifunza umbo la herufi na kuufundisha mkono mgeni. Anachelewa, anakandamiza, anachoka, anaichukia kazi. Wengine hufika ng'ambo baada ya miaka kadhaa. Wengine hubaki na mwandiko mzito na imani kwamba hawana akili.

Hapa nina neno kwako pia, na ulipokee kwa upendo. Unachofanya sasa, kushoto chumbani na kulia barazani, unakiona kama njia ya kumlinda. Lakini mkono huimarika kwa kurudiarudia, na hivi ilivyo hakuna mkono wake unaopata mazoezi ya kutosha. Zaidi ya hayo, anajifunza kuwa mkono wake ni jambo la kufanyiwa sirini. Sisemi hivi kukulaumu, uliipata nafasi finyu ukaitumia. Nasema ili ujue kwamba kunyamaza nako kuna bei, kwa hiyo usikuhesabu kama njia salama unapopima nyingine.

Ikiwa mtaamua abaki na kushoto, yapo mambo ambayo mashoto huachwa ayagundue peke yake, naye huishia kukunja mkono kama ndoano juu ya mstari. Sababu ni moja: mtu wa kulia huuvuta mkono mbali na alichoandika, wa kushoto huusukuma juu yake, akakifunika na kukichafua. (Kwa Kiarabu mambo hugeuka, hapo mashoto ndiye anayevuta, na ustadhi wake huenda akalifurahia hilo.) Weka daftari upande wa kushoto wa kifua chake, si katikati. Lizungushe kidogo kwa kufuata mshale wa saa, kona ya chini kulia ielekee tumboni. Ashike penseli juu kidogo kuliko mtu wa kulia, kama sentimita 3 kutoka ncha, ili aone anachoandika. Funga rababendi pale ajue pa kuweka vidole. Kiganja kikae chini ya mstari. Mfano wa herufi usiuweke mwanzoni kushoto kama nilivyoshauri juu, maana mkono wake utaufunika. Uweke juu ya mstari au mwishoni kulia. Na miguu iguse kitu. Miguu ikining'inia mwili hutafuta mizani kwenye meza, na mkono unaoshikilia meza hauwezi kuandika. Kreti ya soda iliyogeuzwa yatosha.

Kutoboa karatasi kuna dawa zake. Kwanza tafuta penseli ya 2B, ni laini kuliko HB za madukani, huacha alama bila nguvu. Ikikosekana, mwekee gazeti lililokunjwa chini ya karatasi na mwambie mchezo ni kutoitoboa. Ncha isichongwe ndefu sana. Raba iondoe mezani kwa muda. Akikosea apige mstari mmoja na kuandika pembeni. Watoto wengi hutumia nguvu nyingi kufuta kuliko kuandika.

Kwa mazoezi ya kila siku, dakika 10 zinatosha, na daftari lichukue 5 tu za mwisho. Dakika za kwanza vipe vidole kazi. Amenye karanga, achambue mchele, abane nguo kambani kwa vibanio. Au mkandie unga wa kuchezea: kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko 1 cha mafuta, na maji kidogo kidogo mpaka theluthi ya kikombe, ukinata ongeza unga. Ukiuhifadhi kwenye kopo lenye kifuniko utakaa siku kadhaa. Avingirishe nyoka, kisha nyoka huyo awe a, awe u.

Kisha sinia lenye mchanga uliochekechwa, kina cha sentimita 1, aandike kwa kidole. Au ukuta na chaki: wewe andika herufi kubwa, yeye aipitie kwa kitambaa chenye maji mpaka ifutike, aipitie tena kwa kidole kabla haijakauka, mwisho aiandike kwa chaki palepale. Kapita herufi moja mara tatu bila kuona kachoshwa. Ukuta una faida nyingine, mtu akiandika mbele yake kifundo cha mkono hujikunja kwenda nyuma, na huo ndio mkao unaotakiwa kwenye daftari.

Usifuate a, e, i, o, u kwa sababu tu ndivyo zinavyotamkwa. Kwa kusikia sauti mpangilio huo ni mzuri, lakini kwa mkono i na u ni nyepesi, o inafuata, halafu a, na e ndiyo ngumu kwa sababu huanzia katikati. Angalia zaidi anaanzia wapi: o na a zianze juu, zizunguke kwenda kushoto. Mtoto anayeanzia chini hutoa herufi inayoonekana sawa leo, lakini akianza kuunganisha maneno anakwama, na tabia hiyo ni ngumu kuifuta kuliko mwandiko mbaya.

Na jambo ambalo naona limesahaulika nyumbani kwenu kwa sababu ya hofu ya usaili: kuandika ni kumwambia mtu kitu. Baba yake yuko njiani. Kila anapochora lori, mwombe aandike neno moja chini yake, utalipiga picha umtumie baba kwa simu. Usimpe tahajia. Watoto wanaosema Kiswahili husikia irabu kwa urahisi, kwa hiyo anaweza kuandika UU akimaanisha kuku, au AA kwa baba. Hilo si kosa la kutia wino mwekundu. Ni ushahidi kwamba amekata neno kwa silabi na kupata nusu ya kila moja. Sema neno polepole, ku-ku, muulize mdomo unaanza na nini, atapata K mwenyewe. Baba akijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba amesoma, mtakuwa na sababu ya kuandika kesho ambayo kurasa nne za tuisheni haziwezi kuinunua.

Tuisheni yenyewe sitaikataa moja kwa moja. Mwalimu mwenye watoto wachache, anayekaa karibu na kutazama mkono unavyokwenda, anaweza kusaidia sana. Kabla ya kulipa, kaa naye jioni moja uangalie: je, anasimama pembeni ya mtoto anapoandika, au anasahihisha kurasa zikishajaa? Juma ametoka shule, ametoka chuo, halafu saa mbili nyingine. Kwa mtoto anayelia akiona daftari, hatari ni kuongeza kile kinachomliza. Kurudia awali nako kunawafaa watoto ambao hawajakomaa katika mambo mengi, kusikiliza, kucheza na wenzao, kujitegemea. Utaratibu wa nchi ni darasa la kwanza kwa miaka 6, na stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hufundishwa darasa la kwanza na la pili. Hakuna anayetazamiwa kufika akiwa amezimaliza. Ikiwa kilichomchelewesha ni mkono pekee, mwaka mwingine wa mvutano uleule hautabadilisha kitu.

Sasa mama mkwe. Umemwona kama ukuta, na mimi, kwa jinsi ulivyomweleza, naona mtu anayekaa na mjukuu kila jioni kumfundisha kuandika. Wangapi wana hilo? Hofu yake yaelekea ni adabu: mkono wa kushoto kula, kupokea, kusalimia. Huenda mkayatenganisha. Kula, kupokea na kusalimiana vibaki kulia, na wewe uwe wa kwanza kumkumbusha Juma mbele ya bibi yake. Kalamu ipewe mkono wake. Hapo hujapinga adabu, umeisimamia. Kuhusu chuo, ni vizuri ustadhi aulizwe moja kwa moja, na pengine bibi mwenyewe ndiye amuulize, kwa kuwa jibu litakalotoka huko litakuwa na uzito nyumbani kuliko langu.

Nani aseme naye kwanza? Wewe ndiye mkwe. Mume wako ndiye mwana. Ukianza wewe peke yako, neno laweza kugeuka ugomvi wa wanawake wawili. Ukimsubiri mumeo, siku zinakwenda. Kuna njia ya katikati: mwombe mama mkwe majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Mwambie, "Mama, naomba radhi yako, tumwachie kushoto kwa kalamu tu, tuone. Leso tuiweke kando, maana ameanza kukuogopa, nami sipendi akuogope." Kisha mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza, amsimulie hadithi, Juma aichore na kuandika jina la mhusika. Anaweza kukataa. Akikataa, angalau leso iwe ndiyo jambo la kwanza unalomwomba mumeo alisimamie, kabla ya mkono wenyewe, kwa kuwa kumfunga mtoto kunaumiza zaidi ya mwandiko. Wewe ndiye unayeijua nyumba hiyo, utapima lini na kwa maneno gani.

Ukiona hawezi msalaba wala duara, anaanguka mara kwa mara, hawezi kufunga vifungo vya shati, mkono unatetemeka, au anasogeza uso mpaka unakaribia karatasi, mpeleke hospitali, macho yapimwe kwanza, na uombe rufaa kwa wanaotoa tiba ya viungo kwa watoto. Kwa uliyoniandikia sioni dalili hizo, lakini mimi sijamwona.

Na kuhusu Novemba, piga simu shuleni kabla ya siku ya usaili. Waambie mtoto ni mashoto, uliza kama watamruhusu atumie mkono wake, na uombe akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake. Namna watakavyokujibu itakuambia mengi kuhusu shule yenyewe.